Ngozi ya Ndama Kule Kipkelion

Mjukuu wangu alinipeleka kupiga kambi, rafiki yangu. Mimi, na magoti haya, nilale kwenye hema eti kwa raha! Alisema, "Kogo, ni shamba la ukweli, kuna ng'ombe na mahindi, utafurahi." Kogo ndio nyanya kwetu. Nikaingia gari bila kuuliza ni wapi. Tulipopita Kipkelion nikaona ule mto, na kile kilima chenye mgongo kama wa punda, nikavitambua. Shamba lilikuwa lile lile.

Hapo nililala nikiwa mtoto, na haikuwa raha.

Ukame ulikuwa umemaliza kwetu Chebunyo mpaka ng'ombe wanalamba mchanga. Shule sikusoma sana, niliachia darasa la pili, lakini mbavu za ng'ombe nilijua kuzisoma. Baba akatuhamisha na wale ng'ombe waliobaki. Mwenye shamba alikubali tupige kambi kando ya waya wake: sisi tumvunie mahindi, yeye atuachie mabua ya ng'ombe. Tulifunga turubai kwenye miti, tukala ugali na mboga chungu ya saga. Nakumbuka moshi, vumbi la mabua, na mtoto akilia. Mama alikuwa amefariki kabla tuondoke, akaacha mtoto wa kunyonya. Nyanya yangu alimbeba mgongoni, na uhai wa mtoto ulikuwa kwa ng'ombe mmoja mwekundu, kwa sababu wengine walikuwa wamekauka.

Kisha ndama wa yule ng'ombe akafa.

Ng'ombe wa zamani si kama hawa wa gredi, ambao hata mashine inawakamua wakitafuna tu. Yule bila ndama anaficha maziwa. Nyanya akamchuna ndama, akapaka ngozi chumvi, akanifunika nayo mgongoni. "Inama. Na usicheke, ndama hacheki." Ng'ombe akaninusa, akaanza kunilamba, ulimi unakwaruza kama tupa. Maziwa yakashuka. Baba, ambaye hakuwa amecheka tangu msiba, akasema, "Basi huyu leo atafungwa na ndama wengine." Kila asubuhi na jioni nikawa ndama. Mtoto akanyamaza, akaanza hata kunishika pua.

Sote tuliomba mvua, na nyanya aliomba kuliko wote. Ikaja mchana, na mawe yake, tukiwa mbali kwenye mahindi. Tuliruka kwenye matope, nyanya anapiga vigelegele na mtoto mgongoni, mara akasimama. "Ngozi!"

Tuliikuta juu ya turubai pale ilipoanikwa, imelowa, chumvi imeoshwa, harufu ya ndama imeenda na maji. Jioni ng'ombe alininusa mara moja, akapuliza pua, akageuka. Nikalia kama ndama, nikamkumbatia shingo. Akapiga sufuria teke. Nyanya alipaka chumvi tena, wapi! Nyasi ilikuwa inaota kila mahali na mtoto anaisha. Uji alitema.

Tulimzika kando ya waya, chini ya mti ulioinamia mto. Nyanya hakuweka hata jiwe. Alisema, "Hii ni ardhi ya wenyewe. Hatuachi alama."

Sasa mti hakuna. Waya ulihamishwa, sijui lini. Kuna nyasi iliyokatwa fupi kama nywele za askari, mahema ya rangi rangi, vijana wa Nairobi wanachoma soseji. Baba hayuko, nyanya hayuko, na mimi nikienda hakuna mwingine anayejua kwamba hapa kuna mtu. Nilizunguka kati ya mahema nikitazama chini.

"Shosh, umepoteza simu?" kijana mmoja akaniuliza. Wenzake wakacheka, si kwa ubaya.

"Kogo, unatafuta nini?" mjukuu akaita. "Kuja uketi!"

Nilitaka kumwambia. Nikaketi.

Jioni mfanyakazi wa shamba akaleta maziwa, bado na joto la ng'ombe, wageni waonje. Nikapewa kikombe. Nikamwaga kidogo kwenye nyasi, nikasonga, nikamwaga kidogo pale kwa kamba za hema, nikasonga tena, kwa sababu sijui ni wapi.

"Kogo! Maziwa ya watu!"

Yaliisha kabla sijafika nusu ya uwanja. Nikamnyooshea yule mfanyakazi kikombe, aniongeze.