Mabati Arobaini ya Bwana Koros

Nimekana kwa miaka tisa, kanisani, sokoni, hata mbele ya mume wangu. Sasa nimestaafu kazi ya mweka hazina na nitasema: ahadi ya mabati arobaini ya Bwana Koros niliitunga mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kijiji chetu, kule nyuma ya Lanet, alinikabidhi daftari, kitabu cha risiti na onyo. Yeye alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mimi nilikuwa na digrii ya biashara na kiburi cha kuwatosha watu wanne.

"Mama Chebet," akasema, "taslimu ni pesa. Ahadi ni mtu amefurahi. Usizichanganye."

Nililiandika hilo kwa wino mwekundu, kisha nikaenda kuzichanganya hadharani.

Ninyi mnaochanga kwa simu hamjui jinsi harambee ya uwanjani inavyochemsha damu. Mweka hazina alipokea vikaratasi vya ahadi na kuvisoma kwa kipaza sauti. Kijiji chetu kina pande mbili: wajukuu wa wafanyakazi wa reli waliotoka magharibi, na wakulima na wafugaji wa hapa bondeni. Upande mmoja ukitoa, mwingine hautulii. Lakini siku ya kuchangia paa la ukumbi jua lilikuwa kali. Kuku wa mnada alikuwa ameshanunuliwa mara tatu na kurudishwa mezani auzwe tena. Paa lilitaka mabati themanini na hatukuwa na hata moja. Watu wakaanza kubeba viti vyao.

Nikashika karatasi tupu, nikasoma: "Bwana Koros, meneja wa shamba la maua Naivasha, mtoto wetu wa bondeni. Mabati arobaini."

Koros hakuwepo. Hata habari za harambee hakuwa nazo. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, na shemasi wa upande wa reli akainuka akivuta suruali.

"Koros huyu niliyemfundisha baiskeli? Andika sisi arobaini na moja."

Niliandika kwa furaha. Sijawahi kuipenda kazi kama dakika ile.

Fundi akasimamisha mbao za paa wiki hiyohiyo. Ndipo shemasi akatangaza kwamba mabati yao yatafika baada ya yale ya Koros, si dakika moja mapema. Mawingu ya masika yalijikusanya juu ya mlima Menengai, mbao ziko uchi, na mwenyekiti akawa anapita kwangu kila asubuhi.

"Umempata Koros?"

"Yuko mkutanoni, Mwalimu."

"Siku kumi? Huyo anakutana na nani?"

Mweka hazina wa leo ni binti mwenye kompyuta, na hawezi kutunga hata bati moja, mashine inamkatalia. Nampongeza. Namhurumia kidogo pia.

Siku ya kumi na moja simu ililia nikiwa jikoni, mwenyekiti akinywa chai yangu. Alikuwa Koros mwenyewe.

"Mama Chebet, sasa? Mathe aliyenizaa amepigiwa simu na kijiji kizima akishukuriwa. Jana amechinja mbuzi."

Nikampa mwenyekiti mgongo.

"Hebu niambie," akaendelea polepole, "niliahidi ya geji gani?"

Geji thelathini ni nyembamba na ya bei nafuu. Ishirini na nane ni nene, na bei yake inauma. Mtu mwenye haya angesema thelathini.

"Ishirini na nane," nikasema.