Shikamoo ya Amani

Bi Saumu wa Ufukoni alikuwa na sifa moja: mtoto anayelelewa naye halii. Alilijua jicho la kiu na jicho la usingizi, na kabla mdomo haujapinda, kikombe kimeshafika. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema; kwake hata nafasi ya kuulilia hakuipata. Kwa sifa hiyo mwalimu Raheli, aliyehamia Mtwara na mumewe Dickson wa bandarini, alimkabidhi mwanawe Amani pale nyumbani kwao Rahaleo.

Amani akatimiza miaka minne bila neno. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Majirani, ambao hawakosi dawa ya mtoto wa mwenzao, wakasema akatwe chini ya ulimi. Raheli akakataa, akampeleka mtoto, pamoja na Bi Saumu, kwa Tumaini, mtaalamu wa matamshi na lugha aliyekuwa akija mjini mara mojamoja.

Tumaini alikaa sakafuni akacheza na mtoto, kisha akasema taratibu, "Ulimi wake hauna kasoro. Maneno yanamchukua muda kutoka. Bibi, ukimpa kila kitu kabla hajaomba, hapati nafasi ya kuomba. Shika kikombe, mtazame, subiri. Nawe mama, usimsemee."

Hilo la mwisho lilimgusa Raheli pabaya. Kila walipokutana na mtu mzima Amani alinyamaza, na watu wakamwangalia mama kama asiyemfunza mwanawe adabu. Naye kwa haya akawahi: "Shikamoo, amesema." Ulikuwa uongo wa mapenzi, na mwenye mtoto wa kusema asimcheke.

Kazi ya kusubiri ikabaki kwa Bi Saumu, nayo ilimtesa. Subira yavuta heri, lakini yake ilivuta machozi kwanza. Alishika kikombe cha maji, mtoto akalia, na yeye akalia, kikombe bado mkononi. Mpaka siku moja Amani akavuta pumzi ndefu, midomo ikahangaika, kisha ikatoka: "Nipe."

Tangu hapo Bi Saumu aliijua pumzi ile. Kila neno liliitanguliza, na ukiikatiza, neno linarudi ndani. Likaja "maji", likaja "Chaumu", na asubuhi moja mlangoni, baada ya kusubiri mpaka jirani akauliza kama wamegombana, likaja lile kubwa: "Chikamoo, Chaumu."

"Marahaba, baba," alijibu, akakimbilia jikoni kuficha uso.

Jioni alimsimulia Raheli. Mama akamwinamia mwanawe, akangoja kidogo, akainuka. "Unanitia moyo tu, bibi," alisema, na macho yake yalikuwa yamechoka sana.

Kisha Dickson akahamishiwa Tanga. Siku ya kufunga mizigo Bi Saumu alimshika Raheli mkono. "Mwanangu, huko msubiri. Anavuta pumzi kwanza." Raheli aliitikia huku akitafuta kamba ya kufungia godoro.

Nyumba ya Rahaleo ikapata wapangaji wengine. Bi Saumu alikataa kulea tena. Alisema magoti yanauma, na kweli yaliuma, ila si magoti peke yake.

Siku moja Raheli akapiga simu. Nyuma yake zilisikika sauti za wageni na vyombo. "Bibi, tangu tufike huku hajasema kitu. Hebu msemeshe wewe."

"Amani, mume wangu," Bi Saumu aliita. "Ni Chaumu wako."

Akaibana simu sikioni, akasubiri kama alivyosubiri na kikombe. Mgeni mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu mtoto hasalimii?" Ndipo akaisikia, karibu kabisa na simu: pumzi ndefu.

"Msubiri, mama, neno linakuja..."

"Shikamoo, bibi, amesema!" Raheli akadakia.

Pumzi ikakatika. Bi Saumu alifungua kinywa atetee neno la mtoto, akawakumbuka wale wageni na haya ya mama yule. Na shikamoo haiachwi bila jibu.

"Marahaba, baba," akasema.