Kaburi la Manju Nililokabidhiwa

Nilipokuwa na miaka minane nilikabidhiwa kaburi. Watoto wenzangu walikabidhiwa ndama wa kuchunga, au mdogo wao wa kubeba mgongoni. Mimi bibi yangu mzaa baba alinipa kaburi la mume wake, akanifunga mdomo, kisha akafa bila kunifungua. Nina hasira naye mpaka leo, na sioni aibu kusema, ingawa najua watu hawapendi kusikia mtu akimkasirikia marehemu.

Babu yangu, Lushinge, alikuwa manju, mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma. Kwetu Usukumani ngoma ina pande mbili, Bagika na Bagalu, na kila mtu anajua upande wake kama watu wa mjini wanavyojua timu zao za mpira. Baada ya mavuno pande hizo hucheza siku moja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Babu alikuwa wa Bagalu. Wazee walisimulia kwamba akianza kuimba, upande wa pili walibaki wapiga ngoma na mbwa wao. Mimi sikumwona. Alikufa baba yangu akiwa hajaanza shule.

Mtu wa namna hiyo akifa, kaburi lake halikai salama. Watu waliamini kwamba ile nguvu ya kuvuta umati inabaki kwenye udongo uliomfunika. Konzi moja tu ya udongo huo ikichanganywa na dawa ya ngoma, wapinzani watakusanya watu kwa sauti ya marehemu. Ndiyo maana wazee wawili wa ngoma yake, pamoja na bibi, walimzika babu kwa siri kwenye ufa wa jabali lililokuwa ufukweni, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Halafu pale nyumbani, kando ya zizi, mbele ya waombolezaji wote, wakazika ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa vizuri. Ndani yake waliweka jiwe la kusagia la bibi.

Na kweli, wezi wa udongo walikuja. Kila msimu wa ngoma ulipokaribia tulikuta pembeni mwa lile kaburi la zizini pamechimbwa, kama panya buku kapita. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

"Bagika hao," alisema. "Waache wachukue. Wakapake mavi ya ng'ombe usoni, wacheze."

Kisha alichukua jembe, akajaza shimo kwa udongo na samadi, akalisawazisha vizuri ili wakija tena wasikose. Nilimpenda sana siku hizo. Nilidhani hakuna mwanamke mjanja kama yeye pande zote za ziwa.

Kwa nini alinichagua mimi? Wale wazee wawili walikuwa wameshakufa. Mtoto wake wa kwanza, Baba Mkubwa Masanja, alioa kwenye ukoo wa Bagika, akaenda kucheza upande wa wakwe zake. Mtoto wa manju wa Bagalu! Bibi alimpikia, alimpokea, alimwuliza habari za mifugo, lakini hakumsamehe. Baba yangu naye alifanya kazi kwenye kivuko pale Kigongo, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Mambo ya manju aliyaita ya kishetani, na bibi alijua angeyatangaza ibadani kwa nia njema kabisa. Nikabaki mimi, mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja.

Ilikuwa mchana, tumekwenda kufua. Tulipofika chini ya jabali alivua kandambili, akaniambia na mimi nivue. Alikoroga unga wa mtama kwenye kata ya maji, akaunyunyiza kwenye ufa.

"Babu yako yuko hapa," alisema. "Na mimi nitalala hapa, kushoto kwake. Nafasi ipo, tuliiacha makusudi."

"Baba anajua?"

"Hajui, na hutamwambia. Kabula, nisikilize. Hata kidole usinyooshe kuelekea huku. Ukinyoosha, kidole kinaoza. Ukitamka, ulimi unafuata. Siku yangu ikikaribia nitakufungua mdomo mwenyewe."

Mtoto gani asingejaribu? Haukupita mwezi, nikiwa natafuta kuni peke yangu, nilisimama mbali na lile jabali nikalinyooshea kidole cha shahada. Nilihesabu mpaka ishirini. Hakuna kilichotokea, nikarudi nyumbani nikiruka ruka.

Siku ya pili kidole kiliwaka moto. Siku ya nne kilikuwa kimevimba, ngozi inang'aa, usaha unaonekana chini ya kucha. Bibi alikata limau, akalitoboa katikati, akakiingiza kidole changu humo na kukifunga kwa kitambaa. Nililia mpaka sauti ikakauka.

"Ulinyoosha?" aliniuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Umeona sasa."

Usaha ulitoka, kucha ikaanguka, ikaota nyingine iliyopinda. Kuanzia hapo sikupita hata kwenye njia ya ufukweni bila kukunja ngumi zote mbili.

Leo mimi ni muuguzi, kwenye zahanati moja ya mjini, maeneo ya Buzuruga, na vidole kama kile nimeshavipasua vingi. Mara nyingi huanza na kitu kidogo, mchubuko au mwiba wa samaki. Na mwiba wa samaki nilichomwa, nakumbuka vizuri: jioni moja kabla ya kwenda kuokota zile kuni nilikuwa napara sato, mwiba wa pezi ukaniingia palepale pembeni mwa kucha. Aliyeung'oa ni bibi, kwa meno yake, akautema kwenye majivu. Kwa hiyo alijua. Alipoona kidole changu kimevimba, alijua kabisa kilichokivimbisha, na akaninyamazia, kwa sababu hofu yangu ilimfaa. Nikifika hapo kwenye kumbukumbu zangu damu huwa inanichemka, na mgonjwa aliye mbele yangu hushangaa kwa nini nesi amenuna.

Nilikuwa na miaka kumi alipokufa. Aliamka mzima, akatandaza michembe yake kwenye mwamba ili viazi vikauke. Halafu akakaa, akasema kichwa kinamgonga. Nilimletea maji akashindwa kushika kikombe. Alitaka kusema neno na mdomo ukaenda upande. Saa sita hatukuwa naye. Ile siku ya kunifungua ilikuwa imefika na kupita, mimi nikiwa nimeshika kikombe.

Baba alikuja kutoka Kigongo, Baba Mkubwa alikuja na wakwe zake, ua ukajaa. Hakukuwa na ubishi wowote kuhusu mahali pa kumzika. Bibi alikuwa amemwambia kila mtu aliyemjua kwamba anataka kulala kushoto kwa mume wake. Baba Mkubwa alipima kwa hatua zake mwenyewe kando ya zizi, akachora mstari kwa ncha ya jembe.

"Hapa," alisema. "Ndivyo mama alivyotaka."

Nilisimama nyuma yake na ndoo ya maji ya kuwapa wachimbaji. Kila jembe lilipoingia ardhini nilijiambia sasa nitasema, na kila mara niliuhisi ulimi wangu ukivimba kinywani. Nawaambia niliuhisi kweli. Baba aliniona nimesogea mpaka ukingoni mwa shimo, akainama.

"Kabula, unataka kusema nini?"

Nilifungua mdomo. Macho yangu yakaangukia ile kucha iliyopinda kwenye mkono ulioshika ndoo.

"Nina kiu," nikasema.

"Si umeshika maji, mama? Kunywa."

Nikanywa. Wakamshusha bibi yangu kaburini, kushoto kwa jiwe la kusagia, na mimi nikatupa udongo wangu kama wajukuu wengine. Watu walisifu namna nilivyotulia.

Nilipofika sekondari hofu ya kuoza iliisha, lakini ikaja nyingine mbaya zaidi: kuulizwa kwa nini sikusema. Mwaka mmoja unasema utasema likizo, likizo inafika unasema utangoja baba apone, baba hakupona, naye tukamzika palepale zizini, karibu na mzee wake, kama walivyodhani wote isipokuwa mimi. Mara mbili nimekosa ujasiri kwenye ua ule ule. Hilo siwezi kumbebesha bibi, nalibeba mwenyewe, na linaniudhi kuliko yote.

Nilipoanza kazi nilijikaza, nikaenda ufukweni peke yangu kuangalia angalau jabali. Halikuwepo. Palikuwa na shimo pana, na kina mama watano chini ya turubai wanagonga kokoto kwa nyundo, miguu imejaa vumbi jeupe. Tulisalimiana, wakanikaribisha kwenye gunia nikae.

"Jiwe la hapa limekwisha lini?" niliuliza.

"Muda sasa. Lilikuwa zuri, lina ufa, halikutusumbua kupasua."

"Kwenye ufa hamkukuta kitu?"

Mmoja aliacha kugonga. "Mifupa tulikuta. Tukasema ni ya mnyama, labda fisi aliburuta. Tukaisukumia majini. Kwani vipi, dada?"

"Basi tu," nikajibu. Ningewalaumu kwa lipi? Hakuna aliyewaonyesha kwamba pale pana mtu. Katika kijiji kizima aliyekuwa anajua ni mmoja, naye alikuwa amekaa mjini amekunja ngumi.

Mwaka huu kamati moja ya utamaduni imepita vijijini kwetu ikitafuta makaburi ya watu waliojulikana zamani, watemi, mamanju na waganga wa mvua, ili waweke nguzo za saruji na vibao vya majina. Ni jambo jema na limechelewa. Baba Mkubwa alinipigia simu, sauti yake imechangamka kama ya kijana.

"Njoo, mwanangu. Babu yako anawekewa kibao."

Nilifika mapema kabla ya wageni kuanza kazi. Nilimkuta ameshafagia lile kaburi la zizini, amekaa kwenye kiti, fimbo magotini.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Keti."

"Babu hayupo pale."

"Nani hayupo?"

Nikamwambia yote, jabali, ngozi, jiwe la kusagia, kidole, kokoto. Sikupamba wala sikujitetea. Alisikiliza akiangalia miguu yake, na nilingoja anichape na ile fimbo. Ningeshukuru angenichapa.

"Sasa niambie," alisema mwishoni. "Mama aliwaficha Bagika, au alinificha mimi?"

"Alikuficha wewe."

"Kwa sababu ya ngoma."

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Kwa sababu ya ngoma."

"Nilicheza nao misimu miwili, Kabula. Miwili tu! Goti likanishinda, nikaacha. Hakuwahi kuniuliza." Alipiga fimbo chini kwa hasira, hasira ya mtu mzima ambaye hana wa kumgombeza. "Miaka yote hii nafagilia jiwe. Na mama yangu nikamlaza na jiwe, kwa mkono wangu. Wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma yako."

Kijana mmoja wa kamati alikuja na futi kamba, akauliza kwa heshima jina la manju linaandikwaje. Baba Mkubwa alisimama kwa shida.

"Baba yangu hayupo hapa. Aliyepo hapa ni mama. Andika jina la mama."

Kijana aliangalia karatasi zake. "Mzee, samahani, orodha yetu ni ya watu mashuhuri. Mama alikuwa mashuhuri kwa lipi?"

"Kwa kuficha," nilisema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. Yule kijana hakuandika. Waliondoka na nguzo yao, wakaenda kwa manju wa kijiji cha pili, na Baba Mkubwa akaingia ndani na kufunga mlango. Mpaka leo nikimpigia simu anapokea mke wake.

Nimewasimulia wenzangu kazini kisa hiki, na wote wananiambia kitu kimoja, kwamba nilikuwa mtoto, nisijilaumu. Hawanielewi. Bibi alikuwa na wana, wakwe na wajukuu wengi, na kila mmoja alimkaidi kwa jambo fulani, huyu kwa ngoma, yule kwa kanisa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemdhuru kwa ukaidi wake. Mimi, tangu kile kidole, ndiye niliyemtii neno kwa neno, na ndiye niliyemtenga na mume wake.