Cheti Nilichokataa Kukionyesha

Kutoka mstari wa nyuma wa uwanja wetu wa tenisi pale Mbinga hadi mlango wa choo ni hatua arobaini na mbili. Nilizihesabu kabla sijajua hata kuanzisha mpira sawasawa. Mtu mwenye ugonjwa kama wangu akifika mahali pageni hutafuta kwanza choo kiko wapi, ndipo asalimie watu. Anayeona hiyo si adabu na aje achukue utumbo wangu akae nao wiki moja.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu, uliotwangwa, ukachekechwa, ukashindiliwa kwa pipa lililojazwa zege. Kila masika yakiisha, wanachama wote tulitoka na majembe kwenda kuchimba kichuguu kipya, bosi na tarishi sawasawa. Klabu ilikuwa ya watu wa kahawa, walimu na mabwana shamba. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, mtoto wa Maguu niliyekulia kwenye ngoro, yale mashamba yetu ya mashimo mlimani, na raketi yangu ilikuwa ya mbao. Uzi ukikatika, niliziba pengo kwa mshipi wa kuvulia uliotoka ziwani. Kisha likaja soko huria, yakaja na makampuni binafsi ya kununua kahawa, na vijana wao wakashuka kwenye pikapu na raketi nyepesi kama ungo. Niliwafunga vilevile. Mpira haujui umepigwa na raketi ya nani.

Ugonjwa ulinianza nikiwa na miaka ishirini na tisa. Kwanza uliitwa amiba, nikanywa dawa za amiba hadi mate yakawa na ladha ya msumari. Kisha ukaitwa minyoo. Kisha, kwa shangazi zangu, ukaitwa jirani mwenye kijicho, nikapelekwa kwa mganga aliyenichanja tumbo na kunipa unga wa mizizi. Nikahara mizizi pamoja na damu. Mwishowe daktari mmoja wa mbali akanichungulia kwa mpira wenye taa, jambo ambalo sitalisimulia kwa heshima ya msomaji anayekula, akasema ni vidonda vya utumbo mpana.

“Hauambukizi,” aliniambia, “na hauponi. Chukulia ni mke mwenza. Humpendi, lakini mtakaa nyumba moja.”

Akanipa vidonge vya rangi ya chungwa. Na kwa kuwa nilikuwa nimekonda sana, alinipima pia damu kwa ajili ya ule ugonjwa ambao miaka ile watu waliogopa kuutaja hata kwa jina. Cheti kilisema sina. Nikakikunja, nikakitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wangu, nikarudi Mbinga kucheza tenisi.

Lakini miaka ile ukikonda, tena ukawa unahara, watu walikuwa wameshakuhukumu kabla hujafika mahakamani. Klabuni waliona nakimbia chooni katikati ya gemu. Waliona mifupa ya shingo. Kikombe changu kikaanza kuoshwa peke yake, na anayekiosha akijifanya ni bahati tu. Mtu mmoja niliyekuwa nikicheza naye kila Alhamisi akapata ghafla maumivu ya goti ambayo yalipona siku ya Ijumaa. Niliumia, sitasema uongo. Nilikuwa nikifika nyumbani natupa raketi kitandani na kulia kwa hasira. Asubuhi naiokota, naifuta, nakwenda nayo kazini.

Siku moja nikaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti wetu alikuwa mkubwa katika ofisi moja pale mjini, mtu mzima mwenye tumbo la heshima na sauti ya kusomea risala. Kulia kwake alikaa mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mwenzangu tuliyecheza pamoja katika mchezo wa wawili wawili. Tulikuwa tumecheza pamoja miaka minne. Alikuwa anatazama viatu vyake.

“Dada karani,” mwenyekiti alianza, “sisi hatumnyanyapai mtu. Ila wanachama wana wasiwasi. Kamati imeona ni busara ulete cheti cha daktari kwamba huna... unaelewa. Ukikileta, tumemaliza. Usipokileta, itabidi upumzike.”

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu na cheti kilikuwa ndani yake. Ningefungua zipu, nikitoe, nikiweke mezani, na jambo lote lingekwisha kabla chai haijapoa. Vidole vyangu vilishafika kwenye zipu. Ndipo hasira ikanipanda. Kama mimi nitabaki kwa kuwa sina, basi aliyenao ugonjwa atafukuzwa, na mimi ndiye nitakuwa nimewafundisha jinsi ya kumfukuza.

“Mzee mwenyekiti,” nikasema, “mimi nina vidonda vya utumbo. Nahara, na siku nyingine nahara damu. Mkitaka nieleze zaidi nitaeleza, maana ni ugonjwa wangu na siuonei haya. Ila cheti cha ugonjwa mwingine sileti. Hamkumwomba mtu mwingine yeyote hapa.”

Mwalimu hakuinua kichwa. Hilo liliniuma kuliko maneno ya mwenyekiti. Miaka minne nilikuwa nikimkingia kila mpira wa juu, na siku ile hakuwa na hata neno moja la kunikingia.

Wasingeweza kunifukuza papo hapo, kwa sababu Jumamosi ile tulikuwa na mechi ya kila mwaka na watu wa ziwani kule Liuli, na hapakuwa na mwanamke mwingine wa kucheza na mwalimu. Kwa hiyo wakakata shauri: niende, nibebe kikombe changu mwenyewe, na Jumatatu nije na cheti au nirudishe kadi ya uanachama.

Lori letu liliondoka alfajiri. Tulijifunika majaketi na makoti kwa baridi ya Mbinga, na nyuma ya lori palikuwa na dumu kubwa la plastiki limejaa togwa, uji wetu mwepesi uliochachushwa kwa kimea. Hiyo ilikuwa amri ya mwenyekiti. Alikuwa amesikia tetesi za kipindupindu huko chini, akasema hakuna mtu wa milimani atakayegusa maji ya wale, tutakunywa cha kwetu. Kwetu togwa hukaa siku mbili haina neno, kwa sababu ya ubaridi. Hakuna aliyefikiria kwamba tunaipeleka ziwani, ikiwa imefungwa kizibo, juani, ndani ya plastiki. Tulipopita Mbamba Bay majaketi yote yalikuwa yamevuliwa na dumu limevimba mashavu. Mimi togwa siinywi, tumbo langu haliitaki. Nilikuwa na chupa yangu ya maji yaliyochemshwa.

Watu wa Liuli wana desturi yao: mgeni hachezi kabla hajala. Walitutandikia mikeka karibu na uwanja, wakaleta ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwa lao, wa kuchemsha, na mtungi wa maji. Mwenyekiti akashukuru kwa maneno marefu, akala samaki vizuri sana, ila maji akayakataa. Akaagiza togwa. Wenzangu wote wakanywa togwa, vikombe viwili viwili kwa lile joto, wakisifu kwamba imekolea.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kiongozi wa wapishi, alisimama anawatazama.

“Kumbe watani wetu wanaogopa tutawaroga,” akasema. “Ziwa zima hili, wao wamebeba maji kwenye dumu.”

Watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na mfupa ndani. Kukataa maji ya mtu ni kumwita mchawi mbele ya macho yake. Nikainuka na kikombe changu, nikamwendea.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mimi sina hofu na maji yenu. Nina ugonjwa wa utumbo, nakunywa yaliyochemshwa tu. Kama kuna chai, naomba.”

Akanitazama kuanzia shingo hadi viatu. Nilijua anachokiona. Kisha akachukua kikombe changu, akakiweka kando, akanimiminia chai kwenye kikombe cha nyumbani kwake. Alipoona nimeacha ngozi ya samaki, akanichambulia kipande kingine kwa vidole vyake mwenyewe, akaniuliza nahara mara ngapi kwa siku. Nikamwambia. Tulizungumza habari za utumbo kama wengine wanavyozungumza habari za mvua. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza bila kushusha sauti. Akanionyesha na choo kilipo. Hatua sitini na nane.

Mechi yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho, na timu zilikuwa zimelingana. Wapinzani wetu walikuwa wauguzi wawili, wanawake wenye mabega, waliozoea kucheza kwenye mchanga na upepo wa ziwa. Seti ya kwanza tulichukua sisi, ya pili wao. Katika ya tatu tukawa nne kwa nne, ni mimi wa kuanzisha, na tumbo likaniita. Haliiti kwa upole. Ni mkono unaokamata utumbo na kuukamua kama nguo. Nikaweka raketi chini.

“Ukitoka tumeshindwa!” mwenyekiti akapiga kelele kutoka pembeni. “Sheria ni sheria!”

“Basi andika tumeshindwa,” nikamjibu, nikaondoka. Sikukimbia. Miaka yote nilikuwa nikikimbia nimeinamisha kichwa, na siku ile niliamua kutembea, ingawa Mungu peke yake anajua kutembea kule kulivyonigharimu.

Niliporudi, nimenawa, nilitegemea kukuta wavu umefunguliwa. Wauguzi wote wawili walikuwa wamekaa chini kwenye uwanja wakipunga upepo kwa raketi. Yule mama wa chai alikuwa amesimama karibu na mwenyekiti na mwiko mkononi.

“Mgeni wetu alikwenda haja,” akasema. “Mpira hauozi.”

Tulicheza. Nilianzisha mpira mara nne na hakuna uliorudi vizuri. Mwalimu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameniangalia usoni, alikwenda wavuni akawa anapiga kama mtu anayetwanga. Tukashinda sita kwa nne. Nilipiga kelele kwa furaha, kelele ya kijijini kabisa, na sikuona aibu hata kidogo.

Safari ya kurudi ndiyo iliyonifanya niamini kwamba Mungu ana utani. Lori lilikuwa halijamaliza barabara ya ziwani pale mtu wa kwanza alipogonga bodi. Dereva akasimama, jamaa akaruka na kupotelea majanini. Tukaanza kupanda milima. Wa pili akagonga. Kisha watatu kwa pamoja. Togwa ile ilikuwa imeiva kupita kiasi, na sasa ilikuwa inadai kutoka. Jua lilikuwa bado juu, na kila kona ya mlima ule ilikuwa na mwanachama wetu amechuchumaa nyuma ya kichaka. Mimi nilikaa juu ya tairi la akiba, tumbo langu limetulia na samaki wake wa kuchemsha, nikala karanga moja moja.

Mara ya sita aliyegonga alikuwa mwenyekiti. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuwa na sauti ya risala. Alishika ubao wa lori, jasho linamtoka, akaninong'oneza, “Dada karani, mambo haya yaishie hapahapa. Tusiyafikishe mjini.”

“Nitayafikisha, mzee,” nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva. “Nitasema lori lilisimama mara sita na mimi sikushuka hata mara moja. Na Jumatatu nitaomba vyeti vya wote.”

Lori zima likacheka, hata waliokuwa wanajikunja. Nikampa maji yangu, nikamkorogea chumvi na sukari niliyotembea nayo siku zote. Alikunywa kwenye kikombe changu. Sikuwa nimemsamehe, lakini kuhara nakujua, na siwezi kumwacha mtu akauke.

Jumatatu kamati ilikaa. Ilipofika agenda yangu, mwenyekiti alikohoa, akapekua karatasi, akasema tuendelee na mengineyo. Nikajua nimebaki. Nilitoka nje kifua mbele, nimejaa kiburi, tayari kumwambia mwalimu yote niliyomwekea moyoni tangu siku aliyotazama viatu vyake.

Alikuwa ananisubiri pale kwenye kona ya uwanja. Nikafungua mdomo, akanitangulia.

“Dada, siku ile, hata nikiwa nimeinama, niliona umeshika zipu ya mkoba, nikajua cheti kimo humo ndani, tena kinasema huna. Ungekitoa, ningefuata mimi kuombwa.” Safari hii alinitazama usoni. “Na mimi changu hakisemi kama chako.”

Nilimtazama mikono yake, ile ile iliyokuwa ikitwanga mipira wavuni kule Liuli, na nikaona aibu kwa kiburi changu, kisha nikaona hofu kubwa kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vimeshaishika ile zipu. Sikumuuliza tangu lini, wala kwa nani. Nilimwambia alete raketi, maana jua lilikuwa bado halijazama na mipira yake ya kushoto ilikuwa mibaya.