Meza ya Mwalimu Mlangoni Pangu

Mlango wa chumba changu ni mmoja, nao unafunguka kwa ndani. Ukiweka meza nyuma yake, aliyemo ndani atabaki humo mpaka meza iondoke.

Meza hiyo aliileta mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Ni mwalimu wa darasa la nne, shule ya hapa hapa Nyamirambo. Likizo ile mkuu wa shule alitaka watoto waliobaki nyuma wafundishwe kwa simu, kila siku saa kumi alasiri. Walimu wawili wa muda, mjukuu wangu na mwenzake, wangejaribu, kisha mmoja apewe mkataba, mwingine aambiwe asante. Sebule yetu iko barabarani, pikipiki zinapita mpaka vikombe vinatetemeka. Chumba changu ndicho kimya, na mwanga wa dirisha unaangukia pale mlangoni tu. Basi, meza ikakaa mlangoni.

Sasa, saa kumi ndiyo saa yangu. Nikishaswali alasiri nashika fimbo, nateremka ngazi chache za nje polepole, naketi barazani kwa mwenzangu mshonaji. Tunatazama wapitao na kuwasema kidogo. Miguu yangu haina safari nyingine iliyobaki.

"Ni wiki tatu tu, Bibi," mjukuu akanibembeleza.

"Na nikitaka kwenda chooni?"

"Nenda kabla."

Alinijibu hivyo hivyo, kama anavyowajibu wa darasa la nne.

Siku za kwanza alikuwa akitafuta. Huko mtandaoni, alisema, kuna vitu vingi vya kufundishia, na kila kimoja alikijaribu kwangu. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikielewa mimi, wataelewa wote. Alinipa simu yake, yeye akashika kompyuta ya kuazima. Cha kwanza kilikuwa na miraba ya rangi na saa inayokimbia. Swali linatokea, muziki unapigwa, wewe bado unatafuta miwani, mara muda umekwisha na simu inakuzomea.

"Saba mara nane, Bibi! Haraka!"

"Hamsini na sita! Nimehesabu mandazi maisha yangu yote, uniulize saba mara nane?"

"Kujua hakutoshi. Bonyeza!"

Nikabonyeza, nikajikuta nimetolewa darasani. Cha pili kilikuwa ubao ambao wote wanauandikia pamoja, na maandishi yangu yakalala juu ya yake kama watoto kitanda kimoja. Cha tatu kilitaka kila sura ionekane, nacho kinakula bando kuliko mbuzi anavyokula majani. "Wazazi watanilaani," akasema. Mwisho akachagua kimoja chepesi: watoto wasikie sauti yake, waone ubao wake, sura wazizime. Yatakayoonekana ni majina tu.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya watoto, na mkuu wa shule angeingia kusikiliza. "Anataka nimwite kila mtoto kwa jina na kila mmoja ajibu," aliniambia akipiga pasi blauzi yake. "Mwenzangu ameshamaliza jana. Amesifiwa." Akaunguza kola kidogo.

Saa kumi akasukuma meza mlangoni. Mimi kitandani, nimekatazwa hata kukohoa. Majina yakaanza kujipanga kwenye kioo, nikamwona shingo imemkakamaa. Alichosahau ni jambo la nyumba zetu: mtoto hana simu. Simu ni ya mama, ya mjomba, ya mpangaji wa chumba cha nyuma, na kila simu inaingia na jina la mwenyewe.

Sauti ya mkuu ikatoka kwenye kompyuta. "Mwalimu, hii iko darasa ama iko mkutano ya wazazi?"

"Ni wanafunzi, Mkuu."

"Huyu Mrembo wa Kimironko, naye iko darasa la nne?"

Mtoto mmoja akacheka, wakacheka wote, kisha ikawa "mwalimu mimi! mwalimu mimi!" mpaka mjukuu wangu akazifunga sauti zote kwa kidole. Akanigeukia. Macho yale niliwahi kuyaona alipokuwa na miaka mitano, kichwa kimenasa kwenye nondo za dirisha.

Mimi nimeuza mandazi kwenye lango la shule ile miaka mingi. Mama za watoto hawa nimewalisha wakiwa na sare. Majina yao ninayo, ya watoto, ya mama, ya nyanya zao; hapa siyaandiki, kila mtu na lake. Yapo mengine, ya wasiokuwepo tena, ambayo siku hizi anayeyajua ni mimi peke yangu, nayo hayaniachi.

Nikajivuta mpaka ukingo wa kitanda, karibu na goti lake, mkuu asinione.

"Mrembo huyo anauza vitenge sokoni Kimironko," nikanong'ona. "Mtoto wake wa kike ndiye mwanafunzi wako. Wa kiume yuko la sita." Nikampa jina.

Akafungua sauti, akaita. Mtoto akaitika: "Niko, mwalimu!"

"Fundi Redio?" akaniuliza, sauti ameifunga tena.

"Mjomba mtu. Wapo wawili wa dada yake, simu moja. Anza na mdogo, mkubwa atajisemea."

"Niko!" "Na mimi niko!"

"Mungu Atosha?"

Huyo sikumjua. Nikamwambia aifungue sauti tu. Nyuma ya mtoto nikasikia mwanamke akifukuza kuku, na sauti ile niliijua tangu ikidai andazi la moto, si la juzi. Nikampa jina. Hivyo, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Mwalimu iko anajua watoto yake," mkuu akasema. "Hata ndani ya simu ya watu."

Mkataba akaupata. Alinikumbatia akilia, nami nikalia. Kisha akasema darasa la saa kumi litaendelea, muhula wote.

Nikamwambia, leta daftari nikutajie wote, uniachie mlango wangu. Ijumaa tukajaza kurasa mbili. Jumatatu simu zilikuwa zimebadilishana: ya mama imekwenda sokoni, mtoto ameingia na ya baba, ya baba imepelekwa kazini, ameingia na ya jirani. Akawafundisha waandike majina yao wenyewe. Jioni wenye simu wakayafuta. Nani aitwe kazini kwa jina la mtoto?

Kwa hiyo niko hapa. Haya nayaandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari lile, kitandani, darasa likiendelea. "Umechoka, Bibi?" aliniuliza kabla ya kusukuma meza. Nikasema hapana.

Sasa hivi kivuli kimesimama dirishani. Ni mwenzangu mshonaji, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"We bibi, wamekufunga? Toka! Leo kuna bibi harusi anapita!"

Mjukuu wangu amefunga sauti, ananitazama. "Dereva wa Bahati," anasoma taratibu.

Naweka kidole mdomoni, nikimwelekea mwenzangu. Kisha namgeukia mwalimu, nanong'ona jina la mtoto.