Kanisa Lilivyomwombea Inspekta Bozan

Mumbua alilipwa kulinda mlango usio na ukuta. Mwaka 2014 kampuni ya ulinzi ilimpeleka Lusail, nje kidogo ya Doha, kwenye jengo lililokuwa nguzo na vumbi tu, ikampa kiti, redio ya mkononi na mlango ulioandikwa "Wanawake Peke Yao". Mlango ulisimama kwenye fremu yake, kushoto hewa, kulia hewa. Katika eneo lile lote hakukuwa na mwanamke mwingine ila yeye. Asubuhi aliufungua, jioni akaufunga kwa ufunguo, na mafundi wenye adabu zao waliuzunguka, wasije wakaonekana wamepita upande wa kina mama. Nilimwambia huo ni wazimu. Akanijibu kwamba kazi ni kazi, na kwamba pale alipata nafasi ya kufikiri.

Alichokuwa akifikiri ni wanaume wawili.

Naomba nieleze, maana jambo hili lilinikera kwa muda mrefu. Mimi, Damaris, nilikuwa nesi kwenye zahanati ya meno. Nilipanga pamoja na Mumbua na Jebet kwenye chumba kimoja cha vila pale Al Thumama, vila iliyokatwakatwa kwa mbao hadi jiko nalo likawa na wapangaji. Jebet alikuwa akikaribisha wageni kwenye mgahawa wa hoteli. Mumbua alimpenda Jebet, na Jebet alimpenda Mumbua. Mimi nilijua kwa sababu nami ni wa namna hiyo hiyo. Tulijuana bila kuambiana, kama watu wa kijiji kimoja wanapokutana ugenini. Mpangaji wa nne, Roselyne, hakujua lolote. Alikuwa mtu wa maombi, na alidhani wale wawili wanashiriki blanketi kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi.

Jioni, Roselyne akiwa kwenye maombi yake, sisi watatu tulitazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiarabu. Mfasiri wetu alikuwa Mumbua, na Kiarabu cha Mumbua kilikuwa cha getini: mamnuu, yalla, kadi yako iko wapi. Kwa hiyo kila Daktari Ilker alipomshika bega Inspekta Bozan na kumnong'oneza kitu, Mumbua alitangaza, "Anamwambia imekatazwa." Bozan akijibu kwa machozi, Mumbua alisema, "Anasema twende tu." Tulipiga mayowe. Hadi leo sijui tamthilia ile ilihusu nini. Nasikia ilikuwa kesi ya shamba la zeituni.

Basi pale mlangoni Lusail, Mumbua akaanza kuwaandikia Daktari na Inspekta maisha mengine. Aliandika kwenye simu, sura baada ya sura, akatutumia mimi na Jebet na wenzetu wachache wa kuaminika kwenye kikundi chetu. Yalikuwa mapenzi ya kungojana na kukosana, ya kushikana mikono kwenye ngazi, na niseme ukweli, aliandika vizuri hadi nikaunguza wali. Lakini nilikasirika. Mimi nilitaka wanawake wawili. Kwenye tamthilia kulikuwa na Nesrin, binti tajiri, na mpishi wake mwenye hasira, na macho yangu yalikuwa kwa hao tu. Nikitaka kuona wanaume wakiteseka kwa ajili ya wanaume wenzao, nitatazama mpira.

Jebet naye alitaka Daktari amwoe Nesrin. Nikamwuliza, wewe kati ya watu wote?

"Napenda vile mlango unagongwa mchana," akasema. "Wazee wanaingia, chai inapikwa, watu wanaambiwa huyu ni wa yule. Siku zingine mimi ndiye nagonga, siku zingine mimi ndiye napika chai. Nani ataniuliza?"

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusoma harusi ya mwanamume na mwanamke kwa wivu wa ule mlango tu.

Lakini hadithi za Mumbua zilimchoma. Jioni moja, mimi nikipiga pasi sare yangu, walianza kugombana.

"Mbona wanaume?" Jebet aliuliza. "Unanipenda mimi. Mimi ni mwanamke. Hiyo hesabu inaingiaje?"

"Nikiandika wanawake, naona ni kama nimekuanika kwa kamba huko nje. Wale wawili nikiwaandika, hakuna mtu ananiangalia. Hata mimi sijiangalii. Naweza kusema kila kitu." Mumbua akashusha sauti. "Na wewe umo, Jebet. Wewe ndiye Inspekta."

"Mimi niko na masharubu?"

"Uko ndani ya masharubu."

Hilo lilikuwa kweli, na sote tulikuwa tumeliona isipokuwa Jebet mwenyewe. Inspekta Bozan, afisa wa polisi wa Istanbul, alikunywa mursik, maziwa lala ya kwao Jebet, kwa kibuyu. Alivua viatu kwa kukanyaga kisigino. Akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, na risasi zilipovuma alisali kwa Kinandi. Hakuna Mturuki wa aina hiyo popote duniani.

Jebet hakucheka. Kandarasi yake ilikuwa inakwisha, na ofisi ilitaka jibu: arudi nyumbani au asaini miaka miwili tena. Kule Kapsabet mama yake alishampatia mchumba, mwalimu aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe.

"Niandike," akasema. "Mara moja tu. Wewe na mimi, kwa majina yetu. Kama huwezi kunitaja hata kwa hadithi ya uongo, kwa ukweli utanitaja lini? Usipoweza, mimi naenda."

Mumbua alikaa kando ya mlango wake wiki nzima bila kuandika neno. Mwishowe akafanya anavyofanya mwandishi aliyekwama: akampiga Inspekta risasi. Akaituma sura hiyo haraka bila kutazama, ikaenda kwenye kikundi kingine cha WhatsApp, kile cha wapangaji wote, tulichotumia kugombania gesi na zamu za bafu.

"Inspekta Bozan amelazwa mahututi," ilianza. "Hajafumbua macho. Hana ndugu katika mji huu. Daktari ametoka akilia, akasema kilichobaki ni maombi."

Roselyne aliisoma akiwa kazini. Machozi yakamtoka. Akaituma moja kwa moja kwa Mzee Nahashon.

Mzee Nahashon alikuwa dereva wa familia moja kubwa, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya ushirika wetu. Watu wetu ugenini hawaulizi mgonjwa ni nani. Wanaunda kamati kwanza. Kuuliza ni aibu, maana utaonekana huwajui wenzako. Kwa hiyo siku ya ibada, ambayo kule ni Ijumaa, pale kanisani Mesaimeer, Nahashon aliposimama na kutangaza kwamba ndugu yetu Inspekta Bozan yuko mahututi, kanisa zima liliguna kwa uchungu wa mtu aliyemjua.

"Si ni yule mrefu wa Busia?" akanong'ona mama mmoja nyuma yangu.

"Huyo huyo. Alikuwa askari nyumbani, huku akawa bawabu."

"Wallahi nimepanda naye basi juzi. Alikuwa mzima kabisa."

Wakenya wengine walisema jina ni la Kiganda. Waganda, kwa ukarimu, wakakubali kumpokea. Mumbua alikuwa amejikunja kwenye kiti cha plastiki kama mtu mwenye tumbo la kuhara, na mimi Mungu anisamehe, nilikuwa nauma kitambaa changu nisicheke.

Wajumbe walikwenda hospitali na chapati na chupa ya uji. Waliambiwa hakuna mgonjwa wa jina hilo. Mtu mwingine angerudi nyumbani akafikiri. Nahashon alirudi akasema ndugu yetu amehamishwa, hali imekuwa mbaya zaidi. Chapati waliwaachia walinzi wa mlangoni, nao wakaahidi kumwombea.

Ijumaa iliyofuata kamati ilifunga na kuomba. Jebet alikuwa anatakiwa ofisini Jumapili, wiki ya kazi inapoanza kule. Alikuwa hasemi na Mumbua, na sanduku lake lilikuwa limeshafungwa. Tulikaa sote watatu mstari mmoja, mimi katikati kama ukuta.

"Kama kuna mtu wake wa karibu hapa," akasema Nahashon, "asimame tumwekee mikono. Haiwezekani mwanadamu awe hana mtu."

Mamia ya watu walitazamana wakimtafuta mtu wa Bozan. Nilimshika Mumbua sketi, maana nilimhisi anaondoka kitini. Akasimama nami nikiwa bado nimeishika.

"Wewe ni nani wake, dada?"

"Mimi ndiye nampenda," akasema Mumbua.

Kanisa likavuta pumzi. Nahashon akatoa leso. "Mchumba?"

"Sijawahi kusema mbele ya watu, mzee. Naogopa."

"Sema sasa, binti yangu. Uko nyumbani."

Mumbua akalia, na ndani ya kilio hicho akasema yote. Kwamba mtu huyo hawezi kuvua viatu kama watu wengine, anakanyaga kisigino mpaka vinakatika. Kwamba akicheka anaziba mdomo, na yeye Mumbua hutamani kuuondoa ule mkono. Kwamba akiogopa anasali kwa lugha ya mama yake, polepole, akidhani hakuna anayesikia. "Tumekosana," akasema. "Kosa ni langu. Aliniomba kitu kidogo nikashindwa. Akienda, mimi sijui nitakaaje hii nchi."

Sikuwa nacheka tena. Upande wangu wa pili Jebet alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na hakuwa anacheka pia.

Wakamzunguka Mumbua, wakamwekea mikono kichwani, mabegani, mgongoni. Roselyne alipiga magoti. Nahashon aliita hadi mishipa ya shingo ikamtoka: "Mrudishe, Bwana! Mrudishe kwa huyu binti! Wasitenganishwe na mzazi, wala kazi, wala serikali!" Na watu wale wote, ambao wangetufukuza kwa viti vya plastiki kama wangejua, wakajibu amina. Amina kubwa kuliko zote ilitoka kwa Jebet. Nilikasirika, nikalia, nikakasirika kwamba nalia.

Baadaye tulisimama nje kwenye maegesho, jua kali, tukingoja gari. Nahashon alikuwa ameshatuhakikishia kwamba moyo wake una amani, na kamati itafuatilia.

"Nimesikia," Jebet akamwambia Mumbua. "Hakuna mtu ashawahi kuniombea hivyo."

"Wamemwombea Bozan."

"Najua. Ndiyo maana bado nataka yangu."

Mumbua akatoa simu. Aliandika akiwa amesimama, jasho likidondokea kioo, akafuta, akaandika tena. Watu wa kanisa walipita wakimpa pole. Mwishowe akampa Jebet, nami nikachungulia begani, maana sina haya. Ilikuwa sentensi moja: "Jebet na Mumbua walitoka kanisani pamoja."

"Halafu?" Jebet akauliza.

"Sijui. Mimi sijawahi kufika hapo."

Jebet aliisoma tena, midomo ikicheza. Kisha akaifuta mwenyewe, herufi kwa herufi, maana tulikuwa Doha na simu huokotwa na watu.

"Nimeishika kichwani," akasema, akamrudishia simu yake.

Jumapili akaenda ofisini akasaini miaka miwili.