Kiholanzi cha Ghorofa ya Tatu

Wiki mbili zilizopita, kwenye treni ya asubuhi kwenda kazini Södertälje, nyuma yangu walikaa baba na binti yake wa miaka kama saba wakizungumza Kiholanzi. Mtoto alitaka kujua kama huko wanakokwenda kutakuwa na kitu cha kula. Baba alikuwa na wasiwasi kwamba wamepanda treni siyo. Nilielewa kila neno, rafiki yangu, hata yale ya kudeka. Nikageuka nimtoe baba wasiwasi, nikafungua mdomo, kikatoka Kiswidi. Akanishukuru kwa Kiingereza. Niliteremka, nikaenda kuvaa koti langu jeupe la maabara, na siku nzima sikuwa na raha.

Najua hukujua kwamba niliwahi kusema Kiholanzi. Wengi hawajui. Nilianza nikiwa na miaka tisa, na sikukipata Uholanzi, nchi ambayo mpaka leo nimeona uwanja wake wa ndege tu. Nilikipata hapahapa Sweden, mtaani kwetu Alby, ghorofa ya tatu, mlango uliotazamana na wetu.

Mama alikuwa muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, na zamu zake hazikujali kwamba mtoto ametoka shule. Jirani yetu alikuwa bibi wa Kiholanzi, mjane, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, aliyekuja Sweden kwa kumfuata mume. Mume alishakufa, yeye akabaki. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi, nimesahau ufunguo, akanikaribisha ndani. Mama aliporudi alinikuta jikoni kwake, nakula mkate wa siagi ulionyunyiziwa chenga za chokoleti. Chokoleti juu ya mkate, siku ya shule, na mtu mzima ndiye aliyeinyunyiza. Nikaona hawa ndio watu wenye akili.

Tangu siku hiyo nikawa nikitoka shule napitia kwake. Mama aliniagiza nimwamkie kama wakubwa wote, kwa hiyo kila alipofungua mlango nilimpa shikamoo, naye akajifunza kuitikia marahaba. Akasema kama yeye amejifunza neno langu, na mimi nijifunze lake. Tukaanza na vijiko na sahani. Sasa, mama ni mtu wa Tanga, na hakuwahi kunisamehe niliposema "heri" badala ya "kheri". Sauti hiyo ya kooni Waholanzi wanaitia karibu kila mahali. Bibi alisema mumewe aliishi naye miaka yote bila kuiweza, na huyu mtoto kaitoa siku ya kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani.

Sijui nikueleze vipi raha ile. Kiswidi nilikikuta, na Kiswahili nilikisikia kwa mama nikamjibu kwa Kiswidi, kama watoto wote wa maghorofa yetu. Kiholanzi ndiyo lugha pekee niliyoichagua mwenyewe. Nakumbuka mchana mmoja redio yake ilipotoa mzaha, nikacheka kabla yake. Akaacha kumenya viazi, akanitazama kama mtu aliyeona ndugu yake stesheni. Wakati wa baridi alipika supu ya njegere nzito, kijiko kinasimama chenyewe, akaniambia methali za kwao kuhusu maji na ng'ombe. Kulikuwa na chuma chake chenye vishimo, cha kuokea vimkate vidogo vya kunyunyizia sukari. Mama alipokiona alikigeuza huku na huku, akauliza hiki chuma cha vitumbua amekitoa wapi. Jumapili hiyo vyuma viwili vilikaa jiko moja, na mimi katikati nikitafsiri wanawake wawili wanaobishana kuhusu hamira.

Si kwamba walielewana kila kitu. Kahawa ya bibi ilikuwa na biskuti moja kwa kila mtu, kisha kopo linafungwa. Mama alirudi nyumbani akisema biskuti za jirani zina mlinzi. Halafu siku moja mama aliingia chooni kwake, akatoka uso umebadilika. Jina langu lilikuwa limeandikwa ukutani mle, juu ya choo. Ikabidi nieleze kwamba Waholanzi hutundika chooni kalenda ya siku za kuzaliwa, ili usisahau wapendwa wako, maana huko kila mtu lazima aende. Siku yangu ilipofika, bibi alimpa mkono mama kwanza, akampongeza yeye kwa kuwa na binti. Mama akasema, hapo sasa, huyu ana adabu, aliyezaa ndiye wa kupongezwa.

Jambo lililowashinda kabisa ni kutembeleana. Mama alikuwa akipita tu, hodi, na bibi anafungua akiwa amefadhaika, anatazama shajara yake kama vile amekosa yeye. Kwake kumtembelea mtu kulikuwa na siku na saa, kunaandikwa kwa wino, na dakika hiyo ikifika kahawa iko mezani na yeye amechana nywele. Kwetu ukisema "nitapita kesho" umeaga vizuri, basi. Mimi ndiye niliyemweleza mama. Nilimwambia, huyu ukimtajia Jumamosi saa nne, amka uende, maana atakuwa amekaa anakungoja. Nilijisikia mkubwa sana kwa kulijua hilo.

Nikafika miaka kumi na minne, na unajua mambo ya umri huo. Rafiki zangu waliniuliza kwa nini nashinda kwa kikongwe. Nikapunguza siku. Nikawa napita mlangoni kwake kwa kunyata, viatu mkononi, asinisikie. Naona aibu kukuandikia hili, lakini ndivyo nilivyofanya, karibu miaka miwili.

Uzee ukampata vibaya. Alisahau jiko likiwaka, akahamishiwa nyumba ya wazee, na kwa bahati ikawa ileile aliyofanyia kazi mama. Huko Kiswidi kikamtoka. Mama anasema wazee wageni huwa hivyo, lugha iliyoingia mwisho ndiyo inayotangulia kutoka. Ikabaki ya kwao tu, na katika jengo zima hapakuwa na mtu wa kumwelewa. Alisema, wakamtabasamia. Mama alikuja nyumbani akaniambia niende nikamsalimie. Nikajibu nitakwenda kesho. Akaniambia tena wiki iliyofuata, nikajibu hivyohivyo.

Jumapili moja aliweka karatasi mbele yangu, akataka nimwandikie sentensi tatu za Kiholanzi kwa tahajia ya Kiswahili, ili aweze kuzisoma. Ya kwanza, unaumwa wapi. Ya pili, unataka kunywa nini. Ya tatu, binti yangu anakuja Jumamosi saa nne. Niliziandika zote huku natazama simu. Kalamu haikusita hata kwenye ile ya tatu. Mama akaisoma karatasi kwa sauti mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa sare yake ya kazi, na wiki nzima alimsomea.

Jumamosi nilikwenda madukani Kista na wenzangu kutazama viatu. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia niliogopa. Niliogopa asinijue, na niliogopa zaidi anijue aniulize nilikuwa wapi. Baada ya hapo aibu ikawa na urefu wake. Kila wiki niliyokosa iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Bibi alifariki kabla theluji haijaisha. Katika mlango wake sasa inaishi familia ya vijana, wana baiskeli tatu kwenye korido, na ile kalenda sijui aliitupa nani. Kiholanzi changu kilibaki masikioni. Mdomoni hakipo tena, na sidhani nina haki ya kulalamika.

Mama hakunigombeza hata siku moja. Nilidhani amesahau. Mwaka jana, alipokwisha kustaafu, tulikuwa tunakunja mashuka kwake, kila mmoja ameshika ncha zake, akaanza mwenyewe bila kuulizwa.

"Ile Jumamosi alitaka gauni la buluu," akasema. "Tangu saa tatu na nusu amekaa anatazama mlango. Saa tano akaniuliza kitu, nikajua anakuuliza wewe. Nilitaka kumwambia huji, mwanangu, lakini wewe uliniandikia kwamba unakuja tu. Basi nikatoa karatasi, nikamsomea hilohilo."

Nikamuuliza, kwa Kiswahili, bibi alifanyaje.

"Alinisahihisha matamshi," mama akasema, "akaendelea kungoja."